Baba amepata kiharusi na hasemi: nani aamue matibabu yake, na bima ina kauli gani?

*"Baba yangu ana miaka 71. Wiki tatu zilizopita alipata kiharusi. Upande wa kulia umelegea na hawezi kutamka maneno yakaeleweka, ingawa huitikia kwa kichwa na huniminya mkono nikimsemesha. Chakula kinampalia, kwa hiyo analishwa kwa mrija wa puani. Sasa madaktari wanataka kumwekea mrija wa kudumu wa tumboni. Kaka yangu mkubwa anasema yeye ndiye wa kuamua kwa kuwa baba anatibiwa kwa bima ya kazini kwake. Mama anasema mwenye neno ni mke. Mimi ndiye niliyesaini karatasi siku tulipomfikisha hospitali. Mwaka juzi, baada ya maziko ya shangazi, baba aliniambia yeye asingependa 'kuishi kwa mirija'. Juu ya hayo yote, bima imegoma kulipia upasuaji huo na siku za ziada za kulazwa, ikidai presha yake ilikuwepo kabla hajaandikishwa miezi minane iliyopita. Kisheria, nani ana kauli ya mwisho? Na bima ikikataa, hospitali inaweza kusimamisha matibabu?"*

Pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mambo mawili ambayo nyumbani kwenu yameshageuka ugomvi mmoja: nani anaamua baba atibiwe vipi, na nani anabeba gharama. Sheria huyatenganisha, na ugomvi wenu utapungua nusu siku mtakayoyatenganisha na nyinyi. Nitaanza na la uamuzi kwa sababu ndilo lenye haraka, ingawa najua la fedha ndilo linalowakosesha usingizi.

Umenitajia watu watatu wanaogombea kauli: kaka, mama na wewe. Wa nne hukumtaja, naye ndiye sheria inamwangalia kwanza. Ni baba.

Msingi huu si mpya. Mwaka 1914 Jaji Benjamin Cardozo wa mahakama ya rufaa ya New York aliweka wazi kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye haki ya kuamua mwili wake ufanyiwe nini, na daktari anayempasua bila ridhaa yake anamkosea kisheria. Nchi nyingi zimeujenga msingi huo katika sheria zao, kila moja kwa maneno yake. Hauna sharti kwamba mgonjwa awe na ulimi mwepesi. Hapo ndipo familia nyingi hukosea, na si familia peke yake. Hata wodini utasikia "mgonjwa haongei, tuitieni ndugu".

Kutoweza kusema na kutoweza kuamua ni vitu viwili tofauti. Kiharusi kinacholegeza upande wa kulia mara nyingi kimeupiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Kuna wagonjwa wanaobaki wakielewa sehemu kubwa ya wanayoambiwa huku maneno yao wenyewe yakigoma kutoka. Wapo pia ambao uelewa wenyewe umeguswa. Ukimtazama tu kitandani huwezi kujua baba yako yuko kundi gani. Lazima apimwe.

Kipimo chenyewe kimeandikwa vizuri sana katika sheria ya mwaka 2005 ya Uingereza na Wales inayohusu uwezo wa kuamua, na mahakama za nchi nyingine hutumia vigezo vinavyofanana nacho. Mtu ana uwezo wa kuamua jambo fulani ikiwa anaweza kuelewa maelezo yanayohusu jambo hilo, kuyashika kichwani kwa muda unaotosha kuamua, kuyapima faida na hasara, kisha kuufikisha uamuzi wake kwa njia yoyote ile. Kukonyeza macho ni njia. Kuminya mkono ni njia. Tena uwezo huo hupimwa kwa jambo moja moja: mtu anaweza asiweze kusimamia mkataba wa kuuza shamba na bado akaweza kusema hataki mrija. Ugonjwa kwenye faili haumwondolei mtu kauli. Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza ilimkubalia mgonjwa mwenye skizofrenia, ambayo ni maradhi ya akili, akatae kukatwa mguu uliooza, baada ya kujiridhisha kwamba alielewa anachokataa na kwamba angeweza kufa kwa kukataa.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari wa zamu, kabla hamjagusa suala la nani asaini, ni hili: je, uwezo wa baba wa kuamua kuhusu mrija umepimwa, na nani, lini, na imeandikwa kwenye faili lake? Kama bado, omba upimwe, na omba mtaalamu wa usemi na umezaji awepo. Hospitali nyingi zenye wodi ya kiharusi huwa naye au humwazima kutoka kwingine.

Nikueleze jambo moja kuhusu hiyo kuitikia kwa kichwa, maana ndilo linaloharibu vipimo vingi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuchanganya "ndiyo" na "hapana" bila kukusudia, au akaitikia kila anachoulizwa kwa adabu tu, au kwa uchovu. Ndiyo maana mpimaji mzuri huuliza swali moja kwa sura mbili. "Unataka tukuwekee mrija?" Kisha baada ya muda, "Unataka tusikuwekee mrija?" Akiitikia yote mawili, jibu hilo halitegemewi. Akiitikia la kwanza na kutikisa kichwa kwa la pili, kisha akarudia hivyo hivyo jioni na kesho yake, hapo mna kitu cha kushika. Husaidia kumpima asubuhi akiwa amepumzika, miwani yake ikiwa usoni, kifaa cha kusikia kikiwa sikioni kama anacho, redio imezimwa, na maelezo yakitolewa kwa sentensi fupi na picha. Mchoro wa mrija unaopita puani na ule unaoingia tumboni unaweza kueleza zaidi ya hotuba ya dakika kumi. Na ndugu wasijazane kitandani. Mgonjwa anayemwona mwanawe mkubwa amekunja uso humjibu mwanawe, hamjibu daktari.

Akithibitika kuwa na uwezo, ugomvi wenu umekwisha. Atakachosema ndicho kitakachofanyika, hata kama nyote watatu, pamoja na daktari, mnaona amekosea.

Tuseme sasa amepimwa na imeonekana hawezi. Nani anafuata?

Si mwenye kadi. Bima inampa kaka yako wajibu na haki fulani kwa kampuni ya bima: michango hukatwa kwenye mshahara wake, wategemezi wameandikwa kwa jina lake, na mara nyingi rufaa ya madai hupitia kwake. Haimpi mamlaka juu ya mwili wa baba. Sijui sheria ya nchi yoyote inayosema anayelipa ndiye anayeamua kukatwa au kutokatwa.

Wala si aliyesaini, na hapa ninakugusa wewe. Usiku ule mapokezi yawezekana ulisukumiwa karatasi mbili au tatu kwa pamoja na kalamu juu yake, mgonjwa yuko kwenye machela, ukasaini popote ulipoonyeshwa. Rudi ukaombe nakala. Moja huwa ni ridhaa ya jumla ya kupokelewa na kuhudumiwa: kupimwa damu, kuwekewa dripu, mambo ya kawaida. Nyingine huwa ni dhamana ya malipo, nayo inasema kwamba bima isipolipa, wewe binafsi utalipa. Ya kwanza haikufanyi mwamuzi wa upasuaji utakaopendekezwa wiki tatu baadaye. Upasuaji una fomu yake ya ridhaa, na nyuma ya fomu hiyo lazima kuwe na mazungumzo ya kweli na mtu mwenye haki ya kuridhia. Ya pili haihusiani na tiba kabisa, ila inaweza kukufuata mpaka mahakamani kama deni. Ukiigundua, isome sana, uone kama ina kiwango cha mwisho au iko wazi. Usisaini nyingine ya aina hiyo kabla hujapata ushauri.

Mama yako je? Hapa jibu linategemea mnakoishi, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya afya ya mwaka 2003, anaangaliwa kwanza aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi au aliyepewa mamlaka na sheria au mahakama. Asipokuwepo anafuata mwenzi wa ndoa, kisha mzazi, babu au bibi, mtoto mzima, halafu ndugu wa kuzaliwa. Kwa orodha hiyo mama angewatangulia nyote wawili, na kuzaliwa wa kwanza kusingempa kaka yako chochote. Ujerumani mwenzi hakuwa na mamlaka hayo moja kwa moja mpaka tarehe 1 Januari 2023, na hata sasa anayo kwa muda usiozidi miezi sita, kwa mambo ya afya tu. Ufaransa, tangu sheria ya Machi 2002, mgonjwa anaweza kumteua kwa maandishi mtu wa kuaminiwa, lakini kazi ya mtu huyo ni kutoa ushahidi wa matakwa ya mgonjwa. Uamuzi wenyewe hubaki kwa madaktari kufuatana na taratibu zilizowekwa. Na Uingereza ndugu wa karibu, awe mke au mtoto, hana kauli ya mwisho kisheria kama hakuteuliwa rasmi. Daktari ndiye huamua kwa maslahi ya mgonjwa, ila sheria inamtaka asikilize familia kwanza.

Mnapaswa kujua mko upande gani wa ramani hiyo. Njia rahisi ni kumuuliza afisa ustawi wa jamii wa hospitali, au ofisi ya sheria ya hospitali, swali hili kwa maneno haya haya: "Kwa sheria ya hapa, mgonjwa asiyeweza kuamua na ambaye hakuteua mtu, nani anaridhia upasuaji usio wa dharura?" Waambie wakuonyeshe na kifungu. Ukijibiwa "ndivyo tunavyofanya siku zote", bado hujajibiwa.

Tahadhari moja kabla sijasonga mbele. Kama baba alimwandikia mtu hati ya uwakilishi ya kusimamia akaunti au nyumba, hati hiyo kwa kawaida haigusi matibabu. Na katika nchi kadhaa hati ya kawaida ya uwakilishi hupoteza nguvu pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, isipokuwa imeandikwa na kusajiliwa kwa namna inayoendelea. Nimeona watu wakifika wodini na hati ya benki wakidhani wamebeba rungu.

Awaye yeyote atakayepewa kazi ya kuamua, kazi yenyewe si kusema yeye anataka nini. Ni kusema baba angetaka nini, au, pasipo dalili ya hilo, lipi lina heri kwake. Kwa hiyo yale maneno aliyokuambia baada ya maziko ya shangazi yana uzito mkubwa, hata kama hayakuandikwa. Hayana nguvu ya hati. Uingereza, kwa mfano, mtu anayetaka kukataa mapema tiba inayoshikilia uhai ni lazima aandike, asaini na awepo shahidi. Hata hivyo popote panapotakiwa kujua matakwa ya mgonjwa, maneno yake ya mdomo ni ushahidi. Yaandike leo: alisema nini hasa, lini, mkiwa wapi, nani mwingine alisikia, na mazungumzo yalianzaje. Mpe daktari nakala iwekwe kwenye faili.

Kisha jiulize kwa uaminifu alikuwa anazungumzia nini. Shangazi aliuguaje? Kama alikaa miaka bila kumjua mtu huku akilishwa kwa mrija, huenda baba alikuwa anakataa hali ile, akiwa hana habari ya mrija wa miezi miwili wakati koo linajifunza upya kumeza. Hili ndilo swali zito kuliko yote uliyoniuliza, nalo nusu yake ni la kitabibu. Muulize daktari: kuna matumaini kiasi gani kwamba umezaji utarudi, na tutajua lini? Wagonjwa wengi wa kiharusi wanaoshindwa kumeza mwanzoni hurejewa na uwezo huo ndani ya wiki za mwanzo. Wengine huchukua miezi, na wengine haurudi. Mwombe pia akueleze kama mrija huo kweli ni wa kudumu kama mnavyoogopa. Mrija wa tumboni hutumika pale inapoonekana ulishaji utaendelea kwa wiki nyingi, lakini unaweza kutolewa umezaji ukirudi. Wa puani hukera, hutoka, huvutwa na mgonjwa usiku, na kila ukirudishwa ni usumbufu. Wa tumboni unahitaji upasuaji mdogo wenye hatari zake za kutoka damu na maambukizi. Na hakuna kati ya hiyo miwili unaozuia kabisa vitu kuingia mapafuni.

Kisheria kuna njia ya katikati ambayo familia haziambiwi mara kwa mara. Mnaweza kuridhia mrija kwa majaribio yenye tarehe, mathalani tukutane baada ya wiki sita tutazame amefika wapi, iandikwe kwenye faili, na ijulikane kwamba ridhaa inaweza kuondolewa. Ulishaji kwa mrija ni tiba kama tiba nyingine. Mahakama ya juu ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1993. Uamuzi wa kuanza haumfungi baba milele. Ila nikwambie ukweli, kuacha ni kugumu kuliko kutoanza, moyoni na pengine hata kiutaratibu, na katika baadhi ya nchi kuuondoa mrija kwa mtu asiyeweza kujisemea kunahitaji hatua rasmi au hata mahakama. Ulizeni hilo mapema, msije mkaligundua mkiwa mmechoka. Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningeelekea kwenye majaribio yenye tarehe, mradi baba mwenyewe aulizwe kwanza kwa namna niliyoeleza.

Sasa bima.

Watu hudhani kilichomo kwenye kadi ni uamuzi wa kampuni. Sehemu kubwa ni kazi ya bunge. Tangu Ujerumani ilipopitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, serikali zimekuwa zikiamua nani aingizwe, achangie kiasi gani, na kitita cha mafao kisipungue wapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliorodhesha makundi 10 ya huduma ambazo bima za watu binafsi na za waajiri wadogo lazima ziwe nazo, na kuanzia mwaka 2014 ikapiga marufuku kumnyima mtu bima au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao. Afrika Kusini mifuko ya matibabu ina mafao ya chini yaliyowekwa na sheria, na inaruhusiwa kumwekea mwanachama mpya kipindi cha kusubiri kisichozidi miezi 12 kwa ugonjwa aliokuja nao, tena kwa masharti. Kenya ilipitisha sheria mpya ya bima ya afya ya jamii mwaka 2023, na Tanzania ikapitisha yake ya bima ya afya kwa wote mwaka huo huo. Maana yake kwako ni kwamba sentensi ile ya "presha ilikuwepo kabla" inaweza kuwa halali kabisa katika nchi moja, haramu katika nyingine, na katika ya tatu ikawa halali lakini muda wake umepita.

Anza kwa kudai barua. Kukataliwa kwa simu, au kwa ujumbe kwamba "idhini haijatoka", ni vigumu kukukatia rufaa. Kaka yako, kama mwanachama, aombe kwa maandishi: ni huduma gani iliyokataliwa, kwa kifungu kipi cha mkataba, kwa ushahidi gani wa kitabibu, na rufaa iende kwa nani kabla ya tarehe gani. Aombe pia mkataba mzima, maana kile kijitabu chenye picha za familia inayotabasamu ni tangazo tu.

Mkataba ukishafika, tafuteni vitu vitatu. Kwanza, kifungu kinasema "ugonjwa uliokuwepo" au kinasema "ugonjwa uliokuwepo na yote yatokanayo nao"? Baba yako hakulazwa kwa presha, amelazwa kwa kiharusi. Presha ni chanzo kikubwa cha kiharusi, hilo halina ubishi, lakini kama mkataba haukutaja matokeo, mna hoja. Katika sheria za bima za nchi nyingi maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na anayetaka kujitoa kwa kifungu cha kutolipa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kinahusika. Pili, kipindi cha kusubiri ni cha muda gani. Miezi minane inaweza kuwa imeshavuka au bado. Tatu, siku ya kumwandikisha baba, fomu iliuliza kuhusu presha? Bima nyingi za makundi ya wafanyakazi haziulizi historia ya kila mtegemezi, na kama hazikuuliza ni vigumu kudai mlificha. Ila kama iliuliza na kaka akajibu "hapana" huku akijua baba anameza vidonge, hoja yenu ni dhaifu, na ni afadhali wakili ajue hilo mapema kuliko kulisikia kutoka upande wa pili. Hata hapo sheria hutofautisha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012, kwa mfano, haimtendei aliyekosea kwa uzembe sawa na aliyedanganya kwa makusudi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ulizeni ofisi ya rasilimali watu kama anayelipa hasa ni kampuni ya bima au ni mfuko wa mwajiri unaosimamiwa tu na kampuni hiyo. Kadi inaweza kuwa na nembo ile ile. Lakini katika hali ya pili mwenye uamuzi anaweza kuwa mwajiri, ambaye wakati mwingine hukubali kulipa kwa barua moja ya meneja, na sheria zinazotawala zinaweza kuwa nyingine. Marekani tofauti hiyo, chini ya sheria ya mwaka 1974, huamua kama kanuni za bima za jimbo zinamhusu mgonjwa au la.

Mwombeni daktari aandike barua ya rufaa inayojibu sababu ya kukataa, si ile ya "mgonjwa anahitaji huduma, tafadhali saidieni". Aeleze matokeo ya kipimo cha umezaji, kwa nini wa puani hautoshi tena, na kitatokea nini mrija ukichelewa. Ukipata nafasi ya faragha, muulize hivi: "Kama bima isingekuwepo kabisa, ungependekeza nini?" Kwa sababu sheria za malipo huingia mpaka kwenye kinywa cha daktari. Anajua nini kitaidhinishwa na nini kitarudishwa, na wakati mwingine anakutajia kile tu kinacholipwa. Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, katika shauri la mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari ya kujifungua kwa njia ya kawaida, iliamua kwamba mgonjwa anastahili kuambiwa hatari kubwa zinazomhusu na njia mbadala zilizopo. Pale msimamo huo unapofuatwa, njia mbadala isiyo kwenye kitita inapaswa kutajwa nayo.

Hospitali inaweza kusimamisha matibabu? Uamuzi wa bima unahusu malipo tu. Hauiamuru hospitali kumwacha mgonjwa. Kwa dharura sheria ni kali katika nchi nyingi. Katiba ya Afrika Kusini inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na ya Kenya ya mwaka 2010 nayo vilevile. Marekani sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea malipo ya mpango wa serikali wa wazee kumpima na kumtuliza mgonjwa kwanza, ana pesa au hana. Lakini sitakupa matumaini ya bure. Ulinzi huo una ukingo. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimkatalia mgonjwa wa figo aliyetaka kusafishwa damu katika hospitali ya umma, ikisema kwamba huduma ya kudumu kwa ugonjwa sugu haiingii kwenye dharura. Baba yako siku ya kwanza alikuwa dharura bila shaka. Mrija wa tumboni wiki ya nne pengine si dharura, na hospitali binafsi inaweza kusema haiwezi kuendelea bila malipo. Isichoweza, mahali penye sheria za aina hii, ni kumtoa akiwa hajatulia, au kumkatia chakula na maji kama njia ya kudai. Uhamisho kwenda hospitali ya umma lazima uwe na kitanda kilichothibitishwa huko na taarifa kamili ya mgonjwa.

Na wakisema hawamwachii mpaka bili iishe? Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2015 iliamua kwamba kuwashikilia wagonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Deni linabaki kuwa deni, na linadaiwa kama madeni mengine. Jadilianeni malipo ya awamu kwa maandishi, jina la mdaiwa likiwa sahihi.

Kama rufaa ya ndani ya kampuni itakataliwa, kuna ngazi ya nje: mamlaka inayosimamia bima, baraza la mifuko ya matibabu, msuluhishi wa migogoro, inategemea nchi. Kwa kawaida hakuna ada au ni ndogo, na kampuni huandika kwa adabu zaidi zikijua barua itasomwa na msimamizi. Mahali pengine mahakama zenyewe zina njia ya mkato. Colombia, kwa katiba yake ya mwaka 1991, raia anaweza kumwendea jaji kwa ombi la kulinda haki ya msingi na jaji anatakiwa kuamua ndani ya siku 10, na maombi mengi sana ya aina hiyo yamekuwa ya matibabu.

Haya niliyoandika yanakuonyesha njia, lakini hayatoshi kwa mambo manne, na kwa hayo mwone wakili wa sheria za afya uso kwa uso: familia ikishindwa kukubaliana na kila upande ukimpa daktari maelekezo yake; hospitali ikitaka kufanya jambo ambalo baba amelikataa kwa namna inayoeleweka; kampuni ikidai mlidanganya kwenye fomu; au karatasi uliyosaini ikiwa ni dhamana isiyo na kikomo. Kabla ya kufika huko, ombeni kikao kimoja cha familia na timu ya wodi, mtaalamu wa usemi na afisa ustawi wa jamii wakiwepo. Kamati ya maadili ya hospitali, kama ipo, mara nyingi huitwa bila malipo, na familia inaweza kuomba iitwe. Mwende na nakala ya ulichosaini, barua ya bima, mkataba, karatasi yenye maneno ya baba, na orodha ya dawa za presha alizokuwa akitumia na tarehe alizoanza. Tarehe ya mwisho ya rufaa iandikeni juu ya bahasha, kwa maana inaweza kuanza kuhesabiwa siku barua ilipotolewa, siyo siku kaka yako alipoifungua.